Kipande Kibaki Ndani ya Jalada

Ukishika kitabu cha chapa cha karne ya 16 kilichojalidiwa Ulaya, chungulia mgongo wake kabla hujaanza kukisoma. Penye gundi na uzi, au katikati ya mikunjo ya karatasi, huenda ukakuta utepe wa ngozi wenye upana wa sentimita moja au mbili, na juu yake herufi za Kilatini zilizopasuliwa nusu. Huo ni mswada wa Zama za Kati. Mjalidi aliununua kama takataka, akaukata kwa kisu, akautumia kukaza kazi yake, maana ngozi ya ndama au kondoo haichaniki ovyo kama karatasi. Wapo wanaotaka utepe huo ubanduliwe ili maandishi yasomeke yote. Mimi nasema ubaki hapohapo.

Tazama yaliyotokea Uswidi. Kuanzia mwaka 1527, Mfalme Gustav Vasa alipoanza kulitwaa Kanisa na mali yake, vitabu vya misa vya Kilatini vilianza kupoteza kazi. Maofisa wa kodi wakachomoa karatasi zake za ngozi, wakazigeuza majalada ya daftari za hesabu, na pembeni mwa zaburi na antifona (nyimbo fupi za ibada) wakaandika jina la wilaya na mwaka wa hesabu. Ufini, iliyokuwa chini ya Uswidi, ilipata yaleyale. Karatasi za Ufini zilibanduliwa baadaye kutoka kwenye daftari, na leo Maktaba ya Taifa ya Helsinki ina karibu 10,000, mabaki ya vitabu karibu 1,500. Palipobaki mwandiko wa ofisa wa kodi, tunajua ngozi hiyo ilitumika wapi na lini, na karatasi mbili zenye wilaya moja na mwaka mmoja huweza kurudishwa kwenye kitabu chao cha kwanza. Palipofutika, shahidi pekee alikuwa daftari lenyewe, na kipande kilishatenganishwa nalo.

Vipande vya ibada ndivyo vingi, na ndivyo vinavyopendwa kwa wino wake mwekundu na noti za nyimbo. Vya sarufi havina rangi, na hupitwa. Naona ni kosa kubwa. Donatus, mwalimu wa Roma wa karne ya 4, aliandika kijitabu cha maswali na majibu kinachofunguka hivi: *Partes orationis quot sunt? Octo.* Sehemu za usemi ni ngapi? Nane. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekaririshwa aina nane za maneno yuko nyumbani hapo. Wagiriki walikuwa na nane wakihesabu kile kineno kinachotangulia nomino, mfano wa "al" ya Kiarabu. Kilatini hakina kineno hicho, basi Warumi wakakitoa, wakaingiza kihisishi, nane ikabaki nane. Donatus kivumishi alikiweka ndani ya *nomen*, na neno letu nomino asili yake ni *nomen* hiyohiyo. Watoto walikishika kijitabu hicho kila siku mpaka kikachakaa, kikaishia kwa mjalidi. Hata matoleo ya mwanzo yaliyopigwa chapa Mainz kwa herufi za Gutenberg yametufikia kwa vipande tu, vingi vikitoka ndani ya majalada.

Kukitambua si kazi ngumu. Ukiona *hic magister, huius magistri, huic magistro*, au *amo, amas, amat* zikifuatana, umeshika sarufi. Ukiona mistari mikubwa yenye nafasi, na katikati yake maandishi madogo sana, huenda ni kitabu cha Priscian, mwanasarufi mwingine wa Kilatini. Nakala ya Priscian iliyoko St. Gallen, Uswisi, iliyoandikwa na Wairishi karne ya 9, ina maelezo ya namna hiyo zaidi ya 9,000, na zaidi ya 3,000 ni ya Kiirishi cha kale. Kwa hiyo piga picha ya karibu ya nafasi kati ya mistari, usiridhike na picha ya ukurasa mzima.

Umri wa kipande uanze kuutafuta kwenye mistari iliyochorwa kumwongoza mwandishi. Mfereji mkavu usio na rangi kwa kawaida ni wa kabla ya karne ya 12, mchoro wa kijivu wa madini ya risasi hufuata, kisha wino. Angalia pia mstari wa maandishi wa juu kabisa: ukikaa juu ya mstari wa kwanza uliochorwa, huenda kipande ni cha kabla ya mwaka 1230 hivi, ukikaa chini yake, ni cha baadaye. Hii ni dalili tu, ioanishe na umbo la herufi.

Hata utepe mwembamba hukwambia ukubwa wa ukurasa wake. Chukua utepe wa safu moja wenye mistari 6 kila upande, na kila mstari una herufi kama 30 ukishafungua vifupisho (p iliyokatwa mguu ni *per*, usiihesabu herufi moja). Tafuta maandishi hayo kwenye chapa ya kisasa, uhesabu herufi kutoka mwisho wa upande wa mbele hadi mwanzo wa upande wa nyuma. Ukipata 720, gawa kwa 30: mistari 24 imepotea, na ukurasa ulikuwa na mistari 30. Hesabu ikikataa, aghalabu ni kwa sababu ukurasa ulikuwa na safu mbili.

Anayebandua huanza na maji ili kulainisha gundi, na hapo ndipo ngozi huvimba, ikikauka hujikunja, na wino uliolegea hubaki kwenye ubao wa jalada. Dawa za kukoleza wino ni mbaya zaidi. Angelo Mai, mkutubi wa Vatican aliyekifufua kitabu kilichopotea cha Cicero, msemaji wa Roma ya kale, na kukichapisha mwaka 1822, alipaka maji ya vivimbe vinavyoota kwenye mwaloni. Herufi zilikolea kwa muda, kisha kurasa zikaingia giza.

Badala ya kubandua, tumia mwanga. Tochi iliyolazwa pembeni huonyesha mifereji na mikwaruzo. Mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365 hung'arisha ngozi, na wino wa chuma ukabaki mweusi. Uwashe kwa dakika chache tu. Herufi zilizoachwa kinyume kwenye ubao zisome kwa kugeuza picha kwenye kompyuta. Huko Leiden, Uholanzi, eksrei inayofuata chembe za chuma imesoma maandishi yaliyofunikwa na jalada, ingawa huchukua saa nyingi.

Kubandua nakukubali pale tu kipande kinapochanika kila kitabu kikifunguliwa, au ukungu umeshaingia kwenye gundi, na kazi hiyo afanye fundi wa uhifadhi. Apige picha kabla, kisha kipande kiwekwe bapa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Juu ya bahasha, kwa penseli, iandikwe namba ya kitabu, ubao wa mbele au wa nyuma, upande upi ulitazama gundi, na ncha ipi ilikuwa juu.