Zebaki au barafu iliyoyeyuka?

Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano. Juzi tulikuwa naye soko la Mbuyuni, hapa Moshi, akasimama mbele ya meza za samaki asijue anunue nini. Kliniki wamemwambia ale samaki. Kwenye simu kasoma kwamba samaki wana zebaki, metali yenye sumu. Mama mkwe wake, mtu wa Kibosho aliyekulia mtori na nyama, kamwambia samaki waliofika huku mlimani ni mizoga tu.

Wote watatu wana hoja, ila hazina uzito sawa.

Tuanze na zebaki. Ikishaingia majini, bakteria huigeuza ikawa ya aina inayojikusanya mwilini mwa samaki. Mkubwa akimla mdogo, anarithi yote. Kwa hiyo wenye mzigo mzito ni wawindaji wakubwa walioishi miaka mingi, kama papa na nduaro, na kumkausha papa au kumchemsha na nazi hakuipunguzi hata kidogo. Mamlaka za Marekani zinawashauri wajawazito na watoto wasile samaki hao. Lakini ushauri huohuo unawataka wajawazito wale samaki wenye zebaki kidogo mara mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu mafuta yake hujenga ubongo wa mtoto. Nusu hii ya pili ndiyo watu wanaoiruka.

Na sangara je? Ni mla samaki wenzake, na kando ya Ziwa Victoria wachimbaji wadogo wanasafishia dhahabu kwa zebaki. Wasiwasi una msingi. Hata hivyo, samaki wa ziwa hilo waliopimwa kwa ujumla wamekutwa chini ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, kikomo kinachotumika sana, na sangara wakubwa ndio huwazidi wenzao. Sato, perege na dagaa wako chini zaidi. Kwa hiyo kuleni wadogo, ila nasema aina ndogo, siyo vitoto: sheria inataka sato awe na sentimita 25 na sangara 50. Mwaka 2018 Luhaga Mpina, waziri wa mifugo na uvuvi wakati huo, aliibua gumzo samaki walipopimwa kwa rula kwenye kantini ya Bunge. Tulicheka, ila rula haikuwa na kosa.

Kwangu mimi, mama mkwe ndiye aliyegusa penyewe. Sangara wa Mwanza anapita Shinyanga, Singida na Babati kabla hajaiona Arusha, halafu ndipo aje kwetu. Barafu ikiisha njiani, basi. Jodari na vibua wa Tanga wana hatari yao ya pekee: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, aina ya sumu, na moto wa jikoni hauiondoi. Unakula samaki aliyeiva vizuri, nusu saa baadaye uso mwekundu na kichwa kinagonga. Zebaki hudhuru polepole kwa miaka. Hii haikuachi umalize kuosha vyombo.

Kwa hiyo funua mashavu uone wekundu. Bonyeza nyama, irudi. Tazama macho kama yamezama. Samaki aliyekatwa kichwa mapema namtilia shaka, maana kichwa ndicho kinachosema ukweli, na maji anayomwagiwa kila dakika humng'arisha bila kumfanya mbichi.

Dagaa wakavu hawahitaji barafu, bei yao ni rahisi, na unawala na mifupa yao, yaani na madini yote ya chokaa (kalsiamu). Kero ni mchanga, na ukungu kama walinyeshewa kabla ya kukauka. Wanaong'aa rangi ya fedha ndio wa kuchukua. Waliogeuka manjano na kunuka mafuta ya zamani waache.

Mdogo wangu alichukua perege wawili wa Nyumba ya Mungu, bwawa lililo jirani na sisi kuliko Ziwa Victoria, na kopo moja la dagaa. Sangara alimwacha mezani. Hakuwa mkubwa hata kidogo, ila ndoo aliyolazwa ilikuwa na maji ya vuguvugu.