Ndugu zake hawakummaliza Namatjira

Kuna sentensi moja nimeisikia hapa Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, mpaka imenikinai: "Ndugu zake ndio waliommaliza." Anayesemwa ni Albert Namatjira, mchoraji wa jangwa hili aliyefariki mwaka 1959. Safari hii nimeisikia chumba cha chai kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakotunza wazee, na aliyeisema wala hakuwa na ubaya. Simu yangu ilikuwa mezani inawaka kila dakika, kamati ya sendofu ya binti ya mama mdogo imeamka. Mwenzangu akauliza kulikoni, nikamweleza kwa kifupi. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole ukutani kwenye nakala ya picha ya Namatjira, ule mkaratusi wenye shina jeupe na milima ya zambarau nyuma yake. Akaniambia nijiangalie, yule naye alikuwa na moyo wa kutoa kama wangu, na ndugu wakamla mpaka mifupa.

Nikaosha kikombe changu nikarudi kwa wazee wangu. Ila lile neno halijanitoka.

Wengi wenu hamumjui, na si kosa lenu, jiografia ya sekondari ilituambia Australia ni kondoo basi. Namatjira alizaliwa mwaka 1902 Hermannsburg, misheni ya Walutheri Wajerumani, zaidi ya kilomita 100 magharibi ya mji huu, kwenye ardhi ya Waarrernte, wenyeji wa asili wa hapa. Mlutheri wa Machame au Lushoto akifika pale hatajiona mgeni: kanisa limepakwa chokaa, mitende imepandwa kwa mstari, kila kitu kimenyooka Kijerumani. Huyu bwana alikuwa seremala, mhunzi, mkata manyoya ya kondoo na mchunga ngamia. Mwaka 1936 mchoraji mzungu aitwaye Rex Battarbee alitaka mtu wa kumpeleka milimani na ngamia. Namatjira akampeleka, naye akafundishwa rangi za maji. Miaka miwili tu baadaye picha zake zilitundikwa Melbourne na zikaisha zote. Mwaka 1954 alipelekwa Canberra kusalimiana na Malkia Elizabeth.

Wakosoaji wa enzi zile walimbeza, eti anaiga wazungu, mbona hachori ya kwao. Nendeni mkaitazame ile milima saa kumi na mbili jioni, ndiyo mtajua alichora nini. Zambarau ile si ya kubuni. Na kila genge la mawe alilochora lilikuwa na wenyewe na habari zake za mababu tangu enzi. Alikuwa anachora shamba la ukoo mbele ya macho ya watu walioamini ni mandhari ya kalenda.

Turudi kwenye ulaji. Fedha za picha ziliingia, na kwa Waarrernte mwenye kupata hali peke yake. Kila mmoja anajua nani anamdai nini kwa nasaba, kwa ndoa, kwa jando. Hutajwa idadi ya watu 600 waliokuwa wakimtegemea kwa wakati mmoja. Mzungu akiisikia namba hiyo anashika kichwa. Mimi nilipoisikia nilicheka, maana kundi letu la WhatsApp la ukoo linakaribia huko na kila siku anaongezwa mtu.

Lakini ngoja niwaulize wanaosema ndugu walimmaliza. Alipoomba kibali cha malisho ya ng'ombe, kwenye mwaka 1949 na 1950, nani alimnyima? Alipotaka kiwanja mwaka 1951 ajenge nyumba hapa mjini, nani alikataa? Serikali. Kodi ya mapato ilikuwa inamdai kama raia yeyote, ila kiwanja hapana, wewe si raia wa kukaa mjini. Mtu picha zake zinapamba sebule za nchi nzima, yeye anaishi kambini Morris Soak, pembeni ya mji.

Halafu ikaja ile ya mwaka 1957, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira hasa. Sheria iliwaandikisha karibu wenyeji wote wa eneo hili kama watu walio chini ya uangalizi wa serikali, mfano wa watoto wasiojiweza. Namatjira na mkewe Rubina wakaachwa nje ya orodha. Magazeti yakashangilia: amepewa uraia! Sasa anaweza kupiga kura, kununua nyumba, kununua pombe. Watoto wake aliowazaa mwenyewe, hapana. Ndugu zake, hapana. Mwaka uliofuata akashtakiwa kwamba chupa ya ramu iliachwa kwenye kiti cha gari, mahali ambapo ndugu yake wa ukoo, Henoch Raberaba, naye mchoraji, angeweza kuifikia. Akahukumiwa miezi sita na kazi. Akakata rufaa, ikapunguzwa kuwa mitatu. Akatumikia miwili Papunya, makazi ya wenyeji chini ya serikali, akatoka mtu aliyevunjika, na Agosti 8, 1959 akafa.

Yaani uraia aliopewa ulikuwa uhuru wa kunywa peke yake. Kwao, kuficha chupa ndugu asiione ni aibu inayokufuata hadi kaburini. Kwa sheria, kumwachia ndugu chupa ni jela. Mtu kama huyo unamwambia achague lipi? Na leo mjukuu wa wale walioandika sheria ile ananywa chai na mimi na kunifundisha kwamba tatizo lilikuwa ndugu.

Tena nataka kusema kwa nini ni rahisi kwake kusema hivyo. Mama yake yumo humuhumu kwenye nyumba ya wazee, mimi ndiye ninayemwogesha, na sehemu kubwa ya gharama inalipwa na serikali. Akiumwa, kuna Medicare, bima ya afya ya serikali. Mwajiri anamwekea akiba ya uzeeni kila mshahara, atake asitake. Mtu aliyezungukwa na hayo yote anaweza kukuambia "jiwekee mipaka" kwa sauti ya upole kabisa. Anao ndugu 600 kama sisi, tofauti ni kwamba wake wanaitwa serikali na hawapigi simu usiku wa manane. Sisi dialisisi ni shangazi, ada ni kaka mkubwa, msiba ni yeyote aliyeko nje.

Najua mnavyosoma hapo mnatabasamu. "Kumbe anatuelewa, atume." Subirini kwanza.

Nimeshaambiwa nimekuwa mzungu. Nimeambiwa hivyo na mtu niliyemtumia ya hospitali Jumanne, na Alhamisi akaandika kwenye kundi kwamba walioko nje wana roho ngumu. Nimeambiwa nikisema maisha huku ni magumu najifanya, na nikisema huku taratibu zinafuatwa najidai. Sasa niseme nini? Sisemi huku ni kuzuri. Ningekuwa naona huku kuzuri nisingeandika habari za mtu aliyefungwa kwa chupa ya ramu. Ninachosema ni kwamba kugawana kwa Waarrernte, jinsi ninavyokuona mitaani hapa, kuna macho kwa macho. Jumamosi kuna kina mama wanaoweka turubai zao chini kwenye barabara ya Todd, wanauza nukta na mistari yao kwa watalii. Ikiuzwa moja, fedha haijakaa mkononi, wajukuu wako pale, dada yuko pale, wanaondoka pamoja. Aliyetoa anaona nani amekula. Mimi natoa nikiwa gizani. Natuma, nakumbushwa niweke na ya kutolea, natuma ya kutolea, basi. Nyumba yangu iko kwenye lenta mwaka wa ngapi sasa? Saruji nimenunua ya kutosha ghorofa. Picha ninayotumiwa ni ileile, hata mbuzi aliyesimama kwenye msingi ni yuleyule.

Nilipita karibu na Hermannsburg kuiona nyumba ndogo aliyoijenga Namatjira mwenyewe, vyumba viwili vya mawe, kando ya barabara. Imesimama. Yeye alijenga porini kwa mikono yake, na miaka michache baadaye serikali ikamnyima kiwanja cha mjini. Mimi serikali yangu haijaninyima kitu, hati ninayo, na nyumba haina paa. Hapo mnaona kwa nini siwezi kumjibu yule mwenzangu kwa kinywa kipana ninavyotaka? Nikimtetea ndugu wa Namatjira, wangu wananichoma mgongoni.

Hata hivyo sirudi nyuma kwenye hili: walaji wa kweli wa Namatjira walikuwa na ofisi. Mwaka 1983 msimamizi wa serikali aliyekuwa ameshika mirathi yake aliuza hakimiliki za picha zote kwa kampuni ya uchapaji kwa dola 8,500. Kalenda, vitabu, kadi, wajukuu hawaoni senti. Familia ilihangaika mpaka mwaka 2017 ndipo hakimiliki zikarudishwa, kwa bei ya dola moja. Dola moja! Ndugu gani wa kambini aliwahi kumla mtu kiasi hicho? Na ukoo huo unaosemwa uliishia kunyonya ndio uliomtoa Vincent Namatjira, kitukuu wake, aliyeshinda tuzo ya Archibald, tuzo ya Australia ya picha za watu, mwaka 2020, mchoraji wa kwanza mwenye asili ya nchi hii kuishinda tangu ianzishwe. Mwaka 1956 tuzo hiyohiyo ilichukuliwa na mzungu, William Dargie, kwa kumchora Albert. Babu alikuwa wa kuchorwa.

Kuna atakayeandika chini hapa kwamba nasomesha watu habari za mbali ili nikwepe mchango. Haya, nikujibu wewe moja kwa moja, maana najua ni nani. Ada ya mtoto wa dada nalipa Januari, naiweka kwenye akaunti ya shule, risiti mtaiona kwenye kundi. Dawa za baba mdogo naendelea nazo, duka la dawa nimeshazungumza nalo. Fundi wa paa nimempata mwenyewe na nitamlipa mwenyewe, kwa hiyo kama kuna bati lililokwisha kununuliwa nalitaka kwa namba na unene wake. Ukumbi, keki ya ngazi tano na sare za kamati, kadi yangu mpelekeeni mwingine. Na mwenzangu wa chumba cha chai ameniuliza leo kama nimewakatalia. Nimemwambia nimetuma.

Kwani si nimetuma? Ya dawa.