Jirani akitupita sokoni, ndipo tutaamka

Kwenye mikutano ya mabadiliko ya tabianchi huwa tunaombwa tuwaonee huruma wajukuu. Nawapenda wajukuu, lakini sijaona bajeti ya nchi ikibadilika kwa huruma. Hubadilika pale soko linapoanza kuhamia kwa jirani, na nadhani sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuanzie hapo.

Chukua kahawa ya Mbozi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozuia kuuza kwao kahawa iliyolimwa kwenye msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo. Kila shamba lazima lijulikane liko wapi. Kwa mkulima mdogo, kazi yenyewe ni kusimama na simu katikati ya mibuni, kuchukua nukta ya ramani na kuiandikisha AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Ugumu unakuja kwenye mashine ya kumenya: ndoo yangu ya kahawa mbivu inachanganywa na yako na ya yule wa ng'ambo ya mto. Mmoja wetu asipojulikana shamba lake, mzigo wote unatiliwa shaka.

Inauma. Ulaya ilimaliza misitu yake zamani ikatajirika, leo inamdai mkulima wa Vwawa ushahidi. Nitalisema hilo popote. Ila mnunuzi hana ndoa na sisi. Ethiopia wapo, Uganda wapo, nao wanaitaka bei ileile. Mibuni yetu mingi ni mikongwe kuliko sheria hiyo, kwa hiyo ushahidi tunao, tukiukusanya. Halmashauri zigharamie upimaji huo sasa, na takwimu zibaki kwenye AMCOS. Akizikusanya mnunuzi, ndiye atakayepanga na bei.

Kwenye umeme tumeachwa mbali zaidi. Kenya ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka 1981, na leo karibu nusu ya umeme wake unatoka kwenye mvuke wa ardhini. Sisi tuna jotoardhi la Ngozi, mlima wa volkano hapa hapa Uporoto, na hadi leo halijawasha hata taa moja. Tunategemea sana maji: Mtera, Kidatu, na sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Najivunia bwawa hilo. Lakini Ruaha Mkuu, unaobeba maji ya Usangu kwenda huko, umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Mvuke hausubiri masika.

Mwenye kiwanda anayetafuta umeme wa uhakika usio na moshi ataulinganisha wetu na wa Naivasha, kisha ataamua bila kutuaga. Kwa hiyo wabunge wa Mbeya na Rungwe waiulize Wizara ya Nishati, ndani ya Bunge, Ngozi itaanza kuuza umeme mwaka gani, na wasikae chini mpaka wautajiwe mwaka huo.