Mpiga Besi Anajua Kila Kitu Isipokuwa Kunyamaza

Hebu mtu anieleze. Kijana ananunua gitaa la besi leo, na jioni ya leo hii hii, kabla hajajua uzi wa E, ule mnene kuliko yote, ni upi, ameshaanza kulichapa kwa kidole gumba. Gumba, kudonoa, gumba, kudonoa, uso ameukunja, chumba kizima pale Makorora, hapa Tanga, kinatetemeka na wimbo hakuna. Umwulize, anakwambia ndivyo wanavyopiga Marekani. Sawa, Marekani. Larry Graham, anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huo, alikuwa akipiga na mama yake bila mpiga dramu, basi gumba likashika kazi ya ngoma ya mguu na kudonoa kukashika kazi ya sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Wewe mpiga dramu unaye, tena anapiga kwa ugomvi. Unamsaidia nini?

Halafu somo lenyewe anajifunzia kwenye simu, kwa spika ya simu. Uzi wa E ukipigwa wazi, bila kubonyezwa, unatikisika takriban mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D kama 73, G 98. Kile kispika kidogo huko chini hakifiki kabisa. Kinachokufikia sikioni ni ule mlio wa juu juu wa noti na kidole kukwaruza uzi, besi yenyewe imebaki ndani ya simu. Kwa hiyo bwana mkubwa amesikiliza wimbo wiki nzima, na sehemu yake hajaisikia hata mara moja. Kisha anakuja mazoezini anapiga mambo yake, akiulizwa anasema, "Kaka, mimi nimeitoa kama ilivyo." Imetoka wapi? Vaa hedifoni. Kisha uimbe mstari wa besi kwa mdomo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla hujashika gitaa. Usipoweza kuuimba, vidole navyo vitaujulia wapi?

Tusimlaumu peke yake lakini. Nyumba zetu za Ngamiani unazijua: korido katikati, vyumba huku na huku, ukuta mmoja watu wawili. Sauti nyembamba ya solo inagonga ukuta inarudi. Sauti nzito inapita. Mama wa chumba cha pili hasikii wimbo, anasikia dum, dum, dum mpaka vikombe kabatini vinaitikia, na ana haki zote za kugonga. Amplifaya ikiwekwa sakafuni na kuegemezwa ukutani ndiyo balaa zaidi, maana sakafu na ukuta vyote vinageuka spika. Ipandishe kwenye kiti, chini yake weka mto, isogeze mbali na pembe ya chumba, punguza kitufe cha sauti nzito, ongeza cha katikati. Hapo mama atalala nusu usingizi. Usingizi kamili unataka hedifoni.

Sasa wengine wakishagombezwa wanaamua kufanya mazoezi bila umeme kabisa, gitaa kavu. Hapa ndipo ugonjwa unapoingia. Gitaa kavu halisikiki, basi mtu anavuta uzi kwa nguvu zake zote ili ajisikie. Mwezi mzima anavuta hivyo. Siku akichomeka waya, mkono umeshazoea: uzi unapiga freti, vile vyuma vya shingoni, kla kla kla, sauti inapasuka, na yeye anaanza kumlaumu fundi spika. Kama umeme umekatika au uniti zimeisha, gusisha kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo wakati unapiga. Ubao wa kabati utaibeba ile sauti, na utajisikia vizuri tu bila kukamua. Ila hakikisha hilo kabati ni lako.

Mkono wa kulia nao! Kidole cha shahada na cha kati, zamu kwa zamu. Basi, hakuna siri nyingine. Lakini mtazame mpigaji wetu wa jioni: shahada, shahada, cha kati, shahada tena mara tatu. Wimbo ukichangamka shahada inachoka, anaanza kubaki nyuma, kisha anageuka kumwambia mpiga dramu, "Punguza, unakimbia." Ukimsema anakutajia James Jamerson, kwamba fundi yule wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alipiga kwa kidole kimoja. Ni kweli, alipiga kwa shahada peke yake, na kidole chenyewe kikapewa jina la ndoano. Wewe chako kina jina gani?

Dawa yake haina utamu, ndiyo maana hawaitumii. Washa metronomu, kile kipima mwendo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Uzi wa A ukiwa wazi, noti moja kila pigo, kama dakika mbili. Kisha noti mbili kila pigo, kisha tatu, kisha nne, zamu ya vidole isivunjike. Hiyo ya tatu ndiyo inayowaumbua, kwa sababu kila pigo linaanzia kidole tofauti, na kile kidole cha kati kilichozoea kusaidia tu kinajikuta ndicho kiongozi. Kidole kikishapiga uzi wa A kiende kikatue kwenye uzi wa E, kipumzike hapo. Kisirukie hewani. Kinachorukia hewani kila mara kinaanza safari upya.

Kushoto ni kesi nyingine. Mkanda mrefu, gitaa limeshuka magotini, ati ndiyo staili. Kifundo cha mkono kimekunjika mpaka vidole vimekufa ganzi, kisha bwana anatafuta mchua mishipa. Kaa kitini, liweke gitaa mapajani, kaza mkanda mpaka ukisimama libaki pale pale lilipokuwa. Kidole kikae nyuma tu ya freti, si katikati ya nafasi, maana ukibonyeza katikati utatumia nguvu mara mbili na bado italia kwa kukoroma. Tena nguvu zenyewe wanazidisha. Bonyeza noti, legeza taratibu mpaka uzi uanze kukoroma, ongeza kidogo. Hapo hapo panatosha, mengine yote ni jasho la bure.

Na huku chini karibu na kichwa, usilazimishe kidole kimoja kwa freti moja. Besi ya kawaida ina urefu wa inchi 34 kutoka kwenye nati, kile kipande karibu na kichwa kinachobeba nyuzi, hadi kwenye daraja, zinakoishia mwilini; freti ya 1 iko karibu sentimita 5 kutoka kwenye nati. Mkono wa binadamu hauna vidole vya kutandaza hivyo kila jioni. Tumia shahada, cha kati na kidole kidogo kwa freti tatu, kidole cha pete kikimsaidia mdogo wake. Ukivuka freti ya 5 hivi, ndipo utoe vidole vyote vinne.

Haya. Sasa tuje kwenye kunyamaza.

Mji wetu wa Tanga una sifa ya waja leo waondoka leo. Noti za hawa vijana zinakuja leo, na kuondoka haziondoki. Mtu anapiga noti anaiacha, anapiga nyingine juu yake, ya kwanza bado inaunguruma, ya pili inaunguruma, uzi ambao hakuugusa nao umeamka. Maana nyuzi zina umbea: piga A kwenye uzi wa E, freti ya 5, kisha uzime uzi huo ghafla. Tega sikio. Uzi wa A ulio wazi unaimba wenyewe, hakuna aliyeuomba. Huo ndio uji mnaousikia kwenye harusi, halafu watu wanasema spika mbovu.

Noti inazimwa kwa mikono miwili. Kushoto, unalegeza kidole bila kukiondoa juu ya uzi. Ukikiondoa kabisa, uzi wazi utalia. Kulia, gumba halikai kwenye pikapu, kile kinasa sauti chini ya nyuzi, siku zote. Ukipiga uzi wa A, gumba lilale juu ya E. Ukienda D, gumba lisogee lilale juu ya A huku ubavu wake ukigusa E. Ukienda G, D itazimwa na kidole kinachotua pale baada ya kupiga. Mwanzoni unajihisi kama umefungwa kamba, baadaye gumba linakwenda lenyewe.

Zoezi: metronomu 60, noti moja ilie mapigo mawili kamili, kisha kimya mapigo mawili kamili. Kimya maana yake kimya, hata uzi mmoja usinong'one. Ukiweza, fanya mapigo matatu ya kimya na moja la sauti. Kisha weka metronomu kwenye 40 na uihesabu kuwa ni pigo la 2 na la 4, yaani mwendo wako ni 80, na la kwanza na la tatu utayajua mwenyewe. Hapo wengi wanaanza kusema metronomu imeharibika. Programu ya bure kwenye simu, imeharibikia wapi?

Na mji wenyewe huu si wa kubahatisha. Hapa ndipo zilipokuwa bendi za dansi Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hapa ndipo Black Star na Lucky Star walipopiga taarabu kwa magitaa na besi. Yule mzee aliyekaa kwenye benchi na kahawa yake, kanzu na koti, amekula dansi tangu miaka ya 1960. Ukipiga chakacha kwa kuhesabu nne nne wakati ngoma iko kwenye sita kwa nane, hasemi kitu, anaangalia viatu vyako. Chakacha uihesabu sita, moja na nne zikiwa nzito, upige makofi kwanza, mguu uzoee, ndipo ushike gitaa. Na huhitaji noti nyingi. Ki ya G, yaani wimbo unaotua kwenye G: G yenyewe iko uzi wa E freti ya 3, noti ya tano yake iko uzi wa A freti ya 5, octava, yaani G ya juu, iko uzi wa D freti hiyo hiyo ya 5. Hizo tatu zikikaa na ngoma ya mguu pamoja, bibi harusi anaingia ukumbini kwa amani.

Hapo lakini umpate mpiga kinanda mwenye huruma. Kinanda kina kitufe cha kuhamisha ki. Yeye maisha yake yote anapiga C, mwimbaji akipanda anabonyeza kitufe mara mbili, vidole vyake havijasogea hata inchi. Unamwuliza, "Ki gani?" Anakujibu, "C." C ya wapi? Inayotoka kwenye spika ni D! Wewe ndiye unayeonekana hujui, watu wote wanakugeukia. Usimwulize ki, mwulize amebonyeza mara ngapi, kila mara moja ni freti moja. Na akishusha nusu, wimbo uliokuwa ukitua kwenye E wazi unakuwa E-flati, noti ambayo besi ya nyuzi 4 haina huko chini. Unaruka kuitafuta uzi wa A freti ya 6, sauti imekuwa nyembamba, na mpiga solo anakuuliza, "Mbona besi imepotea?" Muulize mwenye kitufe.

Nyuzi ndizo sizitaki hata kuzizungumza. Upepo wa Raskazone una chumvi, mikono ina jasho, na gitaa limetundikwa dirishani lipendeze. Nyuzi zinakuwa kahawia, sauti imekufa, freti zinasagwa. Hapo tena wanamtaja Jamerson, kwamba hakubadilisha nyuzi. Jamerson alitumia nyuzi bapa, laini, wala hakuwa akipunga upepo wa Bahari ya Hindi. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza, juu na chini yake, ulirudishe gitaa mfukoni mwake. Seti mpya ikishindikana, zichemshe za zamani kama dakika 10, mafuta na taka zitoke, uzikaushe mpaka zikauke kweli, uzifunge. Zitang'ara kwa siku chache. Ukizifungua usizikunje pale zilipojizungusha kwenye funguo, hapo ndipo zinapokatikia. Sufuria iwe yako pia, tafadhali.

Shingo ikipinda, usikimbilie kushusha daraja. Bonyeza uzi wa E freti ya 1 kwa mkono mmoja na ile shingo inapokutana na mwili kwa mwingine, utazame freti ya 7 au 8: nafasi kati ya uzi na freti iwe kama unene wa kadi ya mwaliko, milimita 0.3 hivi. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa spana yake ya pembe sita, robo mzunguko, si zaidi, upatanishe nyuzi, upime tena kesho. Kuna mtu atazungusha mara mbili nzima kwa sababu amechoka kusubiri. Huyo ndiye atakayekuuzia gitaa lake wiki ijayo kwa bei ya kutupa, na shingo ikiwa imepinda upande wa pili.

Usiku shughuli ikiisha, mwimbaji anapanda gari la bwana harusi, mpiga solo ana kibegi mgongoni. Spika ya inchi 15 ni ya nani? Ya mpiga besi. Bajaji anaitazama anasema hiyo ni abiria wawili. Lipa tu, usibishane, ilaze upande wenye wavu usielekee kwenye vyuma vya kiti. Na ukichukua bodaboda na gitaa mgongoni, kumbuka lina kama sentimita 115 na shingo yake imepita kichwa chako. Mwambie dereva asipite chini ya ile miembe ya Chumbageni.