Hati ya Sungura Wasiozaa

Nilipoamua kuwahamisha sungura watatu kutoka bandani mwangu hapa Tanga, nilikuwa na hakika kamili kwamba wanyama wale hawakuwa na uwezo wa kuongeza hata unyoya mmoja katika idadi ya sungura wa nchi hii. Hakika hiyo niliitia sahihi mbele ya mashahidi, na nakala yake ipo mpaka leo, imebandikwa na mke wangu juu ya mlango wa jikoni, mahali ambapo siwezi kunywa chai bila kuisoma.

Ninafuga sungura weupe wa New Zealand na kuwauza kwa watu wanaotaka mbegu, na katika kazi hiyo mnyama asiyezalisha ni mpangaji asiyelipa kodi. Wa kwanza kuhukumiwa alikuwa Kapteni, dume mwenye kifua kipana, niliyemnunua kwa bei ambayo sikumtajia mtu. Tangu Desemba hadi Machi nilimpelekea majike manne kwa kufuata kanuni, maana jike ndiye anayepelekwa kwenye kizimba cha dume, na ukigeuza mambo mwenye nyumba humshambulia mgeni. Kila mara Kapteni alitimiza wajibu wake kwa ari, akaanguka ubavu kama bondia aliyepigwa, na kila mara matokeo yakawa sifuri.

Wa pili alikuwa Subira, mmoja wa majike hao. Yeye mara tatu alijinyofoa manyoya ya kifuani katika siku ya 17 hivi baada ya kupandishwa, akajenga kiota laini, watoto wangu wakashangilia, nasi tukangoja siku 35 kwa mnyama ambaye mimba yake huchukua siku 31. Ilikuwa mimba ya uongo. Nikaandika daftarini: tasa.

Wa tatu aliitwa Msumeno kwa sababu ya meno yake ya mbele, ambayo yalipishana. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na yale yasiyokutana hayasagani, kwa hiyo kila baada ya wiki tatu nilimkamata nikayapunguza. Kilema hicho hurithiwa, na mfugaji mwenye haya hamzalishi mnyama wa namna hiyo. Nilikuwa nimemwandika kuwa dume alipokuwa na wiki nne, umri ambao hata wazoefu hukosea, na tangu hapo nilishughulika sana na upande wake wa mbele, nisipate wasaa wa kuukagua ule wa pili.

Majirani walinishauri wali wa nazi. Lakini mnyama akishapewa jina na mtoto wa miaka sita, sufuria yenyewe humkataa, kwa hiyo nilianza kuwatafutia makao. Baba yangu mdogo, karani wa mahakama aliyestaafu huko Lushoto, akasema atawachukua wamliwaze uzeeni, kwa sharti kwamba wasizaliane, kwa kuwa ana bustani ya kabichi, na kwa kuwa mama mdogo alikuwa amekubali sungura watatu na si wanne.

Niliwatia ndani ya tenga, tukapanda basi. Konda aliuliza wapo wangapi, nikamjibu watatu, akauliza tena kwamba tukifika Mombo watakuwa wangapi. Nilimweleza kwa fahari, abiria wote wakisikia, kwamba hawa hawazai. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele aligeuka, akalitazama tenga kwa huruma, akasema, "Maskini, pole zao."

Lushoto ndiko kuliko na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, nami naamini hewa ya pale huwatia watu mapenzi ya vifungu. Baada ya shikamoo na marahaba, baba mdogo alitoa karatasi mbili zilizopigwa chapa. Kifungu cha nne kilisema kwamba endapo sungura yeyote kati ya waliotajwa atazaa, watoto wote watakuwa mali ya Mtoaji, ambaye atawafuata kwa gharama zake mwenyewe ndani ya wiki saba. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na kwa kiburi ambacho sitakisahau nilimwomba kalamu, nikaongeza kwa mkono wangu maneno "hata wakizaa mara mia". Mama mdogo na muuza matunda wa jirani wakatia sahihi.

Kizimba alichokijenga kilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha wanaume na kimoja cha Subira. Mwezi wa Aprili alinipigia simu kunipa habari.

"Hawa mabwana wanapatana mno, mwanangu. Wanalala wameegemeana."

Mfugaji yeyote angeruka kitini. Madume wawili wazima katika chumba kimoja huraruana, na hulengana mahali ambapo sitapataja. Mimi nilimjibu kwamba ni utulivu wa milimani.

Mwishoni mwa Juni simu ikalia tena.

"Mwanangu, Msumeno amezaa sita."

"Msumeno ni dume, baba."

Kukawa kimya, kisha akasema kwa sauti ile aliyowasomea watu mashtaka kwa miaka 30, "Hilo sikulipinga. Ninakuarifu tu kwa mujibu wa kifungu cha nne."

Nilimkimbilia afisa mifugo, ambaye alikuja nyumbani, akasimama ndani ya banda langu lenye paa la chini la mabati kwa dakika mbili, akatoka akijipangusa shingo. Alinieleza kwamba joto likipita nyuzi 30 kwa siku nyingi, mbegu za dume la sungura huharibika ingawa ari yake haipungui, na kwamba akipelekwa penye baridi hurejea katika hali yake baada ya wiki sita hadi nane. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Tena, jike akipandwa na dume asiye na mbegu hai ndipo hasa anapopata mimba ya uongo. Kwa hiyo nilikuwa nimemhukumu mke kwa kosa la mume, na mume kwa kosa la mabati yangu. Wiki iliyofuata Subira alizaa wanane, kwa kuwa baba mdogo, akimwonea huruma kwa upweke wake, alikuwa akiwafungulia wote watatu uani kila Jumapili.

Niliagiza Kapteni atengwe mara moja, na akatengwa. Nilichosahau ni kwamba jike wa sungura anaweza kushika mimba siku ile ile anayozaa, na kwamba baba mdogo alinipigia simu siku ya tatu tangu Msumeno azae, baada ya kumaliza kuandika taarifa. Nilipowasili mapema Agosti kuwachukua 14, nilikuta watano wengine wa Msumeno waliofumbua macho juzi tu, na baba mdogo amekwisha kuyapigia mstari mwekundu maneno "mara mia".

Niliwakagua wale sita wa Msumeno mmoja mmoja. Wawili meno yalikuwa yameanza kupishana, na kwa kuwa kilema hicho hujitokeza kikirithiwa kwa wazazi wote wawili, Kapteni naye alibeba kasoro hiyo kwa siri. Hukumu yangu juu yake ilikuwa sahihi, ila ushahidi wote ulikuwa wa uongo. Hata wale wanne wenye meno mazuri, waliobeba kasoro ya mama yao, sikuweza kumuuzia mtu kwa mbegu, kwa hiyo, mbali na wanane wa Subira, nilikuwa narudi Tanga na sungura sita wanaotafuta makao, mara mbili ya wale niliotoka nao.

Konda alikuwa yule yule. Alihesabu masikio kupitia matundu ya tenga, akagawa kwa mbili, akaniuliza kwa heshima iliyopita kiasi kama hawa ndio wale wasiozaa. Basi zima lilicheka toka Soni hadi Mombo. Tulipokaribia Korogwe, mzee aliyekuwa pembeni yangu akasema kwamba mjukuu wake angependa wawili wa kuchezea, madume wote, ili wasije wakazaliana. Nilimwambia tungoje basi lisimame, tuwageuze kwanza.