Elfu nne ya simu, elfu nne ya kaunta

Jamani, hii tabia ya kutaja bei nusu nusu itaisha lini? Mjomba alikuja Nairobi kutoka ushago kupimwa macho, nikamtafutia chumba pale Ngara. Kwenye simu nikaambiwa elfu nne kwa usiku, chai ya asubuhi iko ndani. Asubuhi nafika kaunta na noti zangu nne nimezikunja vizuri, dada ananisukumia risiti: 4,720.

Nauliza hizo mia saba na ishirini ni za nini. Anachora mstari kwa biro. VAT asilimia 16, shilingi 640. Tozo ya utalii asilimia 2, shilingi 80. Utalii! Mzee wa watu hajaona hata twiga, kaona tu zile herufi za ukutani kwa daktari, tena za juu peke yake.

Sikatai kodi. Hata kule Texas, zipo kaunti za mashambani zinazotoza kodi ya vyumba vya hoteli juu ya ile asilimia 6 ya jimbo. Kinachoniudhi ni yule wa simu. Alijua fika kuna asilimia 18 inakuja, akaniacha nikaaibike mbele ya mjomba, ambaye alikuwa nyuma yangu na mfuko wake akijifanya hasikii.

"Mwanangu, niongezee hiyo mia saba?" akaninong'oneza.

Nikatoa simu, nikalipa kwa M-Pesa. Na ile chai ilikuwa baridi.