Mahenge 1905: acheni kucheka maji

Mwalimu wetu wa historia alitumia kama dakika tano hivi kwa Mahenge, na tatu kati ya hizo darasa zima lilikuwa linacheka, ati babu zetu waliopigana na Mjerumani kwenye vita ya Majimaji walipewa dawa ya maji wakaamini risasi itageuka maji, yani washamba tu. Mpaka leo ukitaja Majimaji kuna mtu lazima alete huo utani. Mi umenichosha.

Tarehe 30 Agosti 1905, boma la Mjerumani la Mahenge, kule Ulanga ambako siku hizi ukipataja watu wanawaza spineli tu, yale mawe ya vito. Ndani yupo kapteni von Hassel na askari kama 60, weusi wenzetu, pamoja na mamia ya wapiganaji wa machifu ambao walishaamua kubaki na Mjerumani. Na bombom mbili, hizo mashinegani. Asubuhi wapiganaji wa Majimaji wakaja kweupe, wamejipanga safu, wanapandisha kuelekea boma, wakamwagiwa risasi mpaka safu zinapukutika na waliobaki bado wanasogea tu, karibu robo saa nzima kwa maelezo ya mmisionari aliyekuwepo. Robo saa mbele ya bombom, we hebu kaa ufikirie. Hao wamekwisha kukatika ndo wanatokea Wambunga kutoka mashariki, zaidi ya elfu moja, wamechelewa, wakapita mulemule.

Sasa kosa ni maji? Mwezi huohuo boma la Liwale lilitekwa likachomwa, na maji yalikuwa yaleyale! Ila Liwale walinzi walikuwa kiduchu. Kwangu mimi Mahenge ilishindikana kwa sababu watu walienda mchana, boma lilishajiandaa, na makundi mawili hayakusubiriana, na nani angewaambia wasubiriane? Hakukuwa na jemadari mmoja juu yao wote, na Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyeanzisha hayo maji, alishanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Hayo maji tunayoyacheka ndo kitu pekee kilichowafanya watu wasio na mfalme mmoja wala jeshi moja wainuke kwa pamoja kuanzia Umatumbi mpaka Ungoni, sijui sisi leo tungewaunganisha kwa nini, labda grupu la WhatsApp.

Na wala hawakuwa vichwa maji. Baada ya kipigo hicho hawakurudi tena kifua wazi, walilizingira boma mpaka kikosi cha Iringa kilipofika Septemba kulikomboa, na baadaye vita ikawa ya kuvizia porini. Hapo gavana von Götzen na watu wake wakaona bombom haitoshi, wakaanza kuchoma vijiji na maghala na mashamba. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 mpaka 300,000, wengi wao njaa, wakiwemo wazee na watoto ambao hayo maji hawakuwahi hata kuyaonja.